Taa Ikishazimwa: Namna ya Kuijua Hoteli Nzuri ya London

Katika mtaa wa Leinster Gardens, eneo la Bayswater jijini London, namba 23 na 24 hazina wakazi, hazina vyumba, wala hazina paa. Ukiwa umesimama barabarani hulijui hilo. Unaona nguzo nyeupe mlangoni, roshani, madirisha marefu yaliyopangika sawa na ya majirani, na majirani wenyewe baadhi yao ni hoteli. Mpaka usogee ndipo unapotambua kwamba vioo ni rangi ya kijivu tu na mlango hauna tundu la barua. Reli ya chini ya ardhi ilipochimbwa hapo miaka ya 1860, treni zilikuwa za mvuke na zilihitaji mahali pa wazi pa kutolea moshi. Nyumba zikavunjwa, shimo likaachwa wazi, na ili mtaa wa matajiri usionekane umeng'oka meno, ukasimamishwa ukuta wenye sura ya nyumba. Treni zinapita nyuma yake mpaka leo.

London ina hoteli nyingi zilizopambwa kwa akili hiyohiyo. Mapokezi yana marumaru, maua mabichi na manukato ya kupuliza; picha zimepigwa kwa lenzi inayokipanua chumba mpaka kikafanana na ukumbi. Mgeni analipa, anapanda ghorofani, na usiku wa manane ndipo anapojua alichonunua. Kwa hiyo wajuzi wa kulala hotelini, wale ambao biashara, ndugu au matibabu huwarudisha London kila mara, hawana haja sana na kinachong'aa mchana. Wanaipima hoteli kwa kile kinachobaki taa ikishazimwa: kimya, kitanda, hewa, maji ya alfajiri, na mtu aliye macho pale chini saa tisa usiku.

Nyota zinasaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Uingereza hailazimishi hoteli kupimwa. Wapo wakaguzi wanaoheshimika, kama wale wa AA, shirika la huduma za wenye magari, lakini hoteli huomba yenyewe kukaguliwa na hulipia ukaguzi huo. Nyota zinazoonekana kwenye mitandao ya kuuzia vyumba zinaweza kuwa zimetoka kwa mwenye hoteli mwenyewe. Anayetaka kuziamini aulize nani amezitoa na mwaka gani.

Swali la maana zaidi ni hili: jengo lilizaliwa kuwa nini?

Hoteli nyingi ndogo za Sussex Gardens karibu na Paddington, za Argyle Square karibu na King's Cross, na za Ebury Street upande wa Victoria, hazikujengwa ziwe hoteli. Zilikuwa nyumba za familia zenye watumishi, nyembamba, ndefu kwenda juu, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jiko lilikuwa chini ya usawa wa barabara, sebule ya kupokelea wageni ghorofa ya kwanza, na vijakazi walilala darini. Leo kila tabaka la maisha hayo ya zamani linauzwa kama chumba. Aliyepewa ghorofa ya kwanza amebahatika: dari liko juu, madirisha ni makubwa, na kuta ni nene. Aliyepewa dari la vijakazi atainamisha kichwa kila akitoka kitandani, na mwezi wa Julai ataokwa. Aliyepewa lililokuwa jiko atafungua pazia asubuhi na kukuta ukuta mweupe, na juu ya ukuta, viatu vya wapita njia. Bei ya vyumba hivyo vitatu inaweza kukaribiana sana, kwa hiyo mjuzi hatosheki kuchagua hoteli. Anataja ghorofa anayoitaka. Na anauliza lifti. Ngazi za nyumba hizi ni za mwinuko mkali, zinapinda, na nyingi hazikuwahi kupata nafasi ya lifti. Mtu mwenye mabegi mawili mazito na magoti ya miaka sitini ana haki ya kulijua hilo kabla hajatoa kadi yake ya benki.

Yako pia majumba yaliyojengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo, hasa hoteli za reli. Great Western Royal iliyofunguliwa Paddington mwaka 1854 bado inalaza wageni kwa jina jingine, na Great Northern ya King's Cross ni ya mwaka huohuo. Iliyo na kisa cha kufundisha zaidi ni Midland Grand ya St Pancras, kazi ya msanifu George Gilbert Scott, iliyofunguliwa mwaka 1873. Matofali mekundu, minara, ngazi kuu inayopanda kama ya kasri, lifti wakati ambapo lifti ilikuwa ajabu. Kitu kimoja kilisahaulika: mabafu. Vyumba mamia vilitegemea mabafu machache sana, na vijakazi walipandisha maji ya moto ghorofani kwa mikono ili mgeni aoge kwenye beseni mbele ya moto wa mekoni. Wageni walipoanza kudai bafu ndani ya chumba, ikaonekana sakafu zilezile nene zilizojengwa zisishike moto hazikuwa tayari kutobolewa kupitisha mabomba. Hoteli ikafungwa mwaka 1935. Iligeuzwa ofisi za reli, ikanusurika kubomolewa miaka ya 1960, na haikurudi kulaza wageni mpaka 2011.

Midland Grand ingali ikilaza wageni, mwendo wa nusu saa hivi upande wa kusini, mtu mwingine alikuwa amesoma alama za nyakati. Richard D'Oyly Carte, aliyepata fedha zake kwa kuendesha maonyesho ya opera nyepesi, alifungua Savoy mwaka 1889 ikiwa na taa za umeme, lifti, na mabafu karibu 70. Husimuliwa kwamba mjenzi alimuuliza kama wageni wake watakuwa viumbe wa majini. Halikuwa swali la kijinga kwa zama zile: Hotel Victoria, iliyokuwa imefunguliwa miaka miwili tu kabla, ililaza watu 500 kwa mabafu manne. Leo Savoy bado ni Savoy, na tofauti ya awali kati yake na ile ya St Pancras ilikuwa ndani ya kuta, mahali ambapo hakuna mpiga picha anayefika.

Kundi la tatu ni maboksi ya zege. Sheria ya Maendeleo ya Utalii ya mwaka 1969 ilitoa ruzuku ya hadi pauni 1,000 kwa kila chumba kipya cha hoteli, mradi ujenzi uanze na kumalizika ndani ya muda uliowekwa. Wajenzi wakakimbizana na tarehe. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: majengo makubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama Tower Hotel iliyo ubavuni mwa Tower Bridge, yenye sura ambayo wenyeji wengi hawaipendi. Mjuzi hayadharau. Yana lifti za kutosha, mabafu yaliyopangwa tangu kwenye ramani, na vyumba vinavyofanana, hivyo bahati nasibu ni ndogo. Kasoro yake ya kawaida ni kuta za kati kuwa nyembamba: ukimsikia jirani akifunga zipu ya begi, jua naye anasikia simu yako ya kwenda Tanga.

Mwisho ni vyumba vidogo vya kisasa. Hoteli ya kwanza ya easyHotel ilifunguliwa Kensington mwaka 2005 kwa hesabu iliyo wazi: chumba kidogo cha rangi ya machungwa, na anayetaka dirisha anaongeza fedha. Tangu hapo mtindo wa kuuza chumba kisicho na dirisha umeenea London, na si wizi ukisemwa waziwazi. Wapo wanaolala humo vizuri kuliko kwingine kokote, maana giza ni kamili. Lakini maelezo ya mtandaoni hulificha jambo hilo katika mstari wa mwisho, na mgeni aliyezoea kuamka kwa mwanga hukaa macho akijiuliza kama kumekucha.

Sasa kimya, ambacho ndicho bidhaa ghali kuliko zote mjini humo.

Kelele za London zina njia tatu za kuingia chumbani. Ya kwanza ni dirisha. Nyumba nyingi za zamani zinalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria, na mwenye nazo haruhusiwi bila kibali kung'oa dirisha la mbao la kupandisha na kushusha ili aweke la kisasa. Hoteli inayojali huongeza kioo cha pili upande wa ndani, kikiwa na nafasi kati yake na kile cha kwanza. Nafasi hiyo ndiyo inayoua sauti: ikifika sentimita kumi au zaidi, basi la usiku linapita na mgeni hana habari. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kufanya chumbani, kabla hata ya kuvua koti, ni kusogeza pazia na kuhesabu vioo. Ukikuta kimoja, na mtaa una kituo cha basi, shuka chini ukaombe chumba cha nyuma. Cha nyuma hakina mandhari. Kina ua, mapipa ya taka na mabomba, na usingizi.

Njia ya pili ni mlango. Sheria za moto zinataka milango ya vyumba na ya ukumbini ijifunge yenyewe, nayo ni mizito. Hoteli iliyolegea huiacha ijipigize kila mgeni anaporudi kutoka baa. Iliyo makini huifunga kifaa kinachoipunguza kasi na kukirekebisha kinapolegea. Hili hupimwa kwa sekunde tano. Fungua mlango wako, uachie, usikilize.

Ya tatu hutoka chini. Reli za kwanza za mji huo zilichimbwa kwa kupasua barabara na kuifunika tena, kwa hiyo treni za Bayswater, Paddington na Gloucester Road zinapita hatua chache tu chini ya misingi ya nyumba. Anayelala ghorofa za chini atausikia mtetemo miguuni mwa kitanda kabla hajausikia masikioni. Treni nyingi hulala baada ya saa sita usiku, lakini tangu 2016 baadhi ya njia hukesha usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili. Hoteli mwaminifu ikiulizwa itasema vyumba vipi vinatetemeka. Mhudumu akiapa kwamba hakuna hata kimoja, na kituo kiko mlangoni, hapo pana jambo.

Kitanda kinastahili ukaguzi wa mikono. Kwa vipimo vya Uingereza, kitanda cha watu wawili cha kawaida kina upana wa sentimita 135 tu, kikubwa 150, na kikubwa zaidi 180. Wanandoa waliozoea futi sita kwa sita watashtuka na hicho cha kwanza, kwa hiyo upana uulizwe kwa sentimita, si kwa jina. Pia kuna ujanja wa magodoro mawili membamba yaliyounganishwa kwa zipu ili chumba kiuzwe leo kwa ndugu wawili na kesho kwa mume na mke. Hakuna ubaya iwapo juu yake pametandikwa godoro jembamba la kuziba ufa. Pasipotandikwa, kila alalaye katikati huteremka bondeni. Pitisha kiganja juu ya shuka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, mkono utakwambia.

Wenye fedha nyingi hutafuta mengine. Mwaka 1905 Savoy iliagiza kitanda chake yenyewe, cha springi zilizofungwa kwa mkono na manyoya ya mkia wa farasi, na karakana iliyorithi kazi hiyo inauza vitanda vya aina ileile mpaka sasa kwa bei ya gari. Kwa sisi wengine, shuka ya pamba tupu iliyopigwa pasi na foronya isiyonuka jasho la aliyetangulia vinatosha. Idadi ya nyuzi inayotangazwa kwenye vipeperushi ni ya kupuuzwa. Shuka ya nyuzi 300 zilizofumwa vizuri na kufuliwa kwa uangalifu hupumua kuliko ya nyuzi elfu zilizobanwa kwa hila za kiwandani.

Ukitaka kumwona mjuzi akiwa kazini, mfuate shangazi mmoja wa Mombasa ambaye huja London kumwona mwanawe na hukataa kulala kwa mkwe. Akishaingia chumbani pale Paddington hakai. Mpwa wake bado anahangaika na mabegi mlangoni.

"Hebu ingia bafuni ufungue bomba la mvua, mwanangu."

"Tayari, shangazi. Maji yanatoka vizuri."

"Sasa fungua na la beseni. La moto."

Mpwa anafungua, na mvua ya juu inanywea ikawa uzi. Shangazi anatikisa kichwa, anachukua funguo na kurudi mapokezi bila kusema neno.

Anachokijua ni hiki: katika nyumba za zamani maji ya moto hushuka kutoka tanki la darini kwa uzito wake yenyewe, na ndiyo maana hata leo mgeni hukuta mabomba mawili kwenye beseni, moja la kuunguza na moja la kugandisha. Mahali ambapo hakuna pampu, chumba kilicho karibu na tanki, yaani cha juu kabisa, hupata presha ndogo kuliko zote. Saa moja asubuhi, hoteli nzima inapooga pamoja, mgeni wa huko juu husubiri zamu. Kipimo cha mabomba mawili kwa mpigo kinaonyesha hali ya alfajiri ukiwa bado mchana na vyumba vingine bado havijachukuliwa.

Katika chumba cha pili alichopewa, shangazi alilifunua birika la umeme. Maji ya London ni magumu, yamejaa chokaa kutoka kwenye miamba ambayo mito yake hupitia, na birika lisilotunzwa hufanya gamba jeupe chini ambalo hubanduka na kuelea juu ya chai. Gamba hilo halidhuru. Ila huondolewa kwa siki na muda mfupi wa kusubiri, kwa hiyo birika chafu lina maana kwamba kwa majuma mengi hakuna aliyeliangalia kwa ndani. Kichwa cha bomba la mvua kinasema yaleyale: matundu yakiwa yameziba na maji yanarukia ukutani, msimamizi wa usafi hakagui, au anakagua akiwa mlangoni. Birika la chumba hicho cha pili lilikuwa safi. Shangazi akakaa, akavua viatu.

Kuna jambo moja la maji ambalo vitabu vya wasafiri vya Kizungu havilitaji, na kila Mswahili analijua tangu dakika ya kwanza: vyoo vya London ni vya karatasi. Hoteli ya nyota tano yenye marumaru kutoka Italia inaweza isiwe na hata kopo. Wenye uzoefu hubeba lao begini, na shangazi ana lake la plastiki la bluu ambalo limepita Heathrow mara nyingi kuliko wanasiasa wengi. Asiyetaka kubeba atazame upande wa Edgware Road na Marble Arch, ambako wageni kutoka Ghuba wamekuwa wakifikia kwa miaka mingi, na ambako hoteli na nyumba za kupanga za muda mfupi zimejifunza kuweka bomba dogo la mkono pembeni ya choo. Huko pia mhudumu akiulizwa kibla haduwai. Jibu, kwa wanaotaka kulijua mapema, ni kusini-mashariki.

Joto halihitaji maneno mengi. Wakati wa baridi, gusa bomba la kupashia joto chini ya dirisha na uulize kama linawashwa kutoka chumbani au kutoka kwa mwenye hoteli. Akiwa ni yeye, huzimwa usiku. Wakati wa kiangazi, uliza kiyoyozi. Mtu wa Dar es Salaam hucheka akisikia hivyo, lakini nyumba za London zilijengwa kutunza joto, na madirisha ya ghorofani mara nyingi yamefungwa kifaa kisichoruhusu kufunguka zaidi ya sentimita kumi hivi. Julai 2022 joto la nchi hiyo lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, na waliokuwa kwenye dari za vijakazi hawajasahau. Soketi, angalau, hazina taabu kwa wengi wetu: plagi ya pini tatu bapa ya Kenya, Uganda na Tanzania ndiyo hiyohiyo. Anayetoka Kigali, Bujumbura au Lubumbashi abebe adapta.

Baada ya jengo, watu. Hapa hoteli ya bei ndogo inaweza kuishinda ya bei kubwa bila jasho. Mapokezi ya saa tisa alasiri yana watu wengi, tabasamu na sare. Ya saa tisa usiku yana mtu mmoja, na huyo ndiye wa kupima. Piga simu ukiwa bado nyumbani, saa ambazo London imelala, na uulize jambo dogo: lifti inafika ghorofa zote? Anayepokea akijibu kwa utulivu na kwa usahihi, hoteli ina mtu wa kumgeukia mtoto akipandwa na homa. Simu ikiita mpaka ikakatika, hilo nalo ni jibu. Katika hoteli kubwa, tafuta mhudumu mwenye funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye ukosi wa koti. Hiyo ni beji ya chama cha kimataifa cha Clefs d'Or, haipatikani bila uzoefu na udhamini wa wenzake, na mwenye nayo hupata tiketi, daktari au fundi viatu pale ambapo wengine wamepiga simu bure.

Mgeni akiombwa pasipoti asikasirike kabla ya kujua sheria. Agizo la mwaka 1972 linaitaka kila hoteli iandike jina kamili na uraia wa kila mgeni wa miaka 16 na kuendelea, na kutunza kumbukumbu hizo kwa miezi 12. Namba ya pasipoti na mahali anapokwenda baadaye vinatakiwa kwa wale tu wasio raia wa Uingereza, Ireland au nchi za Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo Mkongo na Mrundi wataandika zaidi kuliko Mkenya na Mtanzania. Hoteli nyingi humwomba kila mtu pasipoti kwa kurahisisha kazi. Zinazofanya hivyo kwa wote, sawa. Ikiombwa ya mweusi na ya mzungu aliyemtangulia haikuombwa, mjuzi amekwisha kupata taarifa anayoihitaji kuhusu mahali hapo.

Karibu na kaunta hiyohiyo huwa kuna tangazo la herufi ndogo ambalo hakuna anayelisoma. Linatokana na Sheria ya Wenye Hoteli ya mwaka 1956, na linasema kwamba mali ya mgeni ikipotea, hoteli inaweza kuwajibika kwa pauni 50 tu kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa jumla, isipokuwa kama upotevu umetokana na uzembe wake au mali ilikabidhiwa itunzwe. Viwango havijapanda tangu mwaka huo. Mwenye dhahabu za harusi akabidhi mapokezi na apewe stakabadhi.

Wasafisha vyumba mgeni huwaona kwa nadra, lakini kazi yao inasomeka. Wengi ni wahamiaji, na wengi hufanya kazi kwa kampuni ya nje inayolipwa kwa idadi ya vyumba. Panapokuwa na haraka, uso hung'aa na pembe husahaulika: vumbi juu ya fremu ya kichwa cha kitanda, nywele nyuma ya mlango wa bafu, kikombe kilichosuuzwa kwenye beseni na kufutwa kwa taulo. Chumba ambacho pembe zake ni safi kinaonyesha kwamba kuna aliyepewa dakika za kutosha. Anayeridhika aache bakshishi kila siku, kwa sababu wa leo huenda si wa kesho, na aiandikie karatasi ili isidhaniwe imesahauliwa.

Kifungua kinywa cha Kiingereza kina sifa kubwa kuliko ladha yake, na kwa Mwislamu nusu ya sahani ni marufuku: nyama ya nguruwe iliyokaushwa, soseji, na ile soseji nyeusi ambayo ni ya damu. Yanabaki mayai, uyoga, nyanya, maharage matamu na mkate. Basi mayai ndiyo yapimwe. Yakikaangwa mtu anapoagiza, jikoni kuna mpishi. Yakiwa yamevurugwa na kuachwa kwenye trei ya moto mpaka yakaanza kuingia ukijani, kuna mtu wa kufungua pakiti tu, na pauni 15 au 20 zinazodaiwa zingenunua mlo wa maana kwenye mgahawa wa jirani.

Kwenye malipo sheria zimeanza kumsaidia mgeni. Tangu Aprili 2025 mfanyabiashara wa Uingereza haruhusiwi kutangaza bei kisha akaongeza ada za lazima mwishoni. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 nayo lazima iwe ndani. Tozo ya huduma ni jambo jingine. Mkahawa wa hoteli huiweka kwenye bili, kwa kawaida asilimia 12.5 au zaidi, na ikiwa imeandikwa kuwa ya hiari, mgeni anaweza kuomba iondolewe bila kutoa sababu. Asiombe kwa hasira dhidi ya mhudumu, maana tangu Oktoba 2024 sheria inataka tozo hiyo na bakshishi zote ziwafikie wafanyakazi pasipo mwajiri kuchota chake.

Limebaki suala la saa za mwisho, na kwa wasafiri wa Afrika Mashariki ndilo linalouma. Chumba hurudishwa saa tano asubuhi, wakati baadhi ya ndege za kwenda Nairobi huondoka Heathrow jioni au usiku. Tangu 2022 treni ya Elizabeth huunganisha Paddington na Heathrow moja kwa moja, kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda uwanjani mapema. Kuna mchana mzima wa kuumaliza, na mgeni sasa si mteja tena. Hoteli zinazojiheshimu huyapokea mabegi bure, huyafunga tiketi yenye namba, huyaweka kwenye chumba chenye kufuli na si chini ya ngazi, na humruhusu mwenyewe arudi kukaa sebuleni, kuchaji simu na kutumia choo. Zipo zenye bafu la pamoja kwa wanaoondoka jioni, huduma ambayo haitangazwi na hupewa anayeuliza. Zipo pia zinazotoza kwa kila begi, na zinazomwambia mgeni wa jana kwamba viti ni vya wateja. Yote hayo yaulizwe siku ya kuingia, kabla ya kusaini.